Amplifaya ndogo ya valvu na gitaa la taarab: nini cha kubadilisha, nini cha kuacha

Kijana mmoja wa Kikwajuni aliniletea amplifaya ya gitaa ndani ya pakacha, imefunikwa kanga kama mkate wa kumimina unaopelekwa ukweni. Ni zile ndogo za wati 5: valvu mbili, spika ya inchi 8, kitufe kimoja cha volyumu, swichi ya kuwashia, basi. Mkononi alikuwa na karatasi aliyonakili kwenye intaneti, imejaa vitu vya kubadilisha.

"Shikamoo, fundi. Nataka unifanyie hivi vyote."

"Marahaba. Unapiga wapi?"

"Kwenye kikundi cha taarab. Nakaa nyuma ya fidla."

Nikaiweka kando karatasi yake. Si kwamba iliandikwa uongo. Waliyoyaandika ni sahihi, ila wao ni wapigaji wa roki, na kwao amplifaya nzuri ni ile inayoanza kukwaruza mapema: noti inavimba, inachanika pembeni, inadumu. Anayekaa nyuma ya fidla nne na ganuni anataka kinyume chake. Noti ya gitaa iingie, isikike, itoke, iiachie ganuni nafasi yake. Gitaa linalokwaruza katikati ya taarab ni kama mtu anayevunja kokwa za ubuyu kwa meno penye khitma. Kwa hiyo sehemu za kugusa ni zile zile zilizo kwenye orodha ya warokisti, ila karibu kila moja inageuzwa upande wa pili. Na ili ujue upande upi, lazima kwanza ujue sauti inapita wapi.

Valvu ni kichupa cha kioo kilichotolewa hewa. Ndani mna waya unaowaka kwa volti 6.3, ndio wekundu ule unaouona ukizima taa ya chumba. Joto lake linaipasha kathodi, na kathodi ikishapata moto inatema elektroni. Kwa nje iko anodi, sahani ya chuma iliyotiwa volti 200 hadi 300, inayozivuta elektroni hizo. Baina yao ipo gridi, uzi mwembamba uliozungushwa, na gitaa linaingia hapo. Gridi ni bawabu wa ukumbi wa harusi: hasukumi mtu, hana nguvu ya kumsukuma mtu, lakini akisogeza mkono kidogo tu umati wote wa mlangoni unasonga au unasimama. Umati ndio umeme mkubwa wa kwenye anodi. Mkono wa bawabu ndio gitaa lako.

Amplifaya ya kijana ilikuwa na 12AX7 moja, kichupa kidogo chenye valvu mbili ndani yake, na EL84 moja inayoisukuma spika. Epiphone Valve Junior imejengwa kwa mpango huo huo, na Fender Champ ya miaka ya 1950 ni jamaa yake wa karibu, ila yake ya mwisho ni 6V6. EL84 haiwezi kuunganishwa na spika moja kwa moja, kwa sababu inataka mzigo wa omu 5,000 hivi (omu ni kipimo cha uzuiaji wa umeme) na spika ni omu 8 tu. Kazi ya kuwapatanisha ni ya transfoma ya kutolea sauti, yenye mizunguko 25 hivi upande mmoja kwa kila mzunguko 1 upande wa pili.

Sasa tufanye hesabu ambayo orodha za intaneti huikimbia. Sumaku za gitaa, tuseme, zinatoa sehemu ya kumi ya volti. EL84 katika amplifaya kama hii inajaa ikipewa kama volti 10 kwenye gridi yake, na zaidi ya hapo inaanza kukata vichwa vya mawimbi, ndio ule mkwaruzo. Kutoka sehemu ya kumi hadi 10 ni kuzidisha mara 100. Je, 12AX7 inazidisha mara ngapi? Ikiwa na rezista (kijiti cha kuubana umeme) ya kilo-omu 100 kwenye anodi na ya kilo-omu 1.5 kwenye kathodi, na kapasita kubwa (kifaa cha kuhifadhi umeme na kupitisha mawimbi) kando ya hiyo ya kathodi, kila nusu ya kichupa inazidisha kama mara 60. Nusu mbili zikifuatana, 60 mara 60 ni 3,600. Tulihitaji 100! Ndiyo maana kitufe cha volyumu kikifika robo tu spika imeshaanza kuchanika. Amplifaya hii haina upungufu wa nguvu ya kuzidisha. Imezidishiwa.

Jambo la pili ni besi. Uzi mnene wa gitaa unatetemeka mara 82 kwa sekunde, na noti za huko chini ndizo zenye mawimbi mapana. Zinaijaza EL84 kabla ya noti nyengine, na transfoma ndogo ya kutolea sauti haina chuma cha kutosha kuzibeba. Mpigaji anasikia noti zake za juu zinachafuka, anazilaumu noti za juu, kumbe mkosa ni uzi wa chini uliopigwa pamoja nazo. Ukiipunguza besi kabla haijafika kwenye valvu ya mwisho, unapata sauti safi zaidi, na cha ajabu, masikio yanaisikia kuwa kubwa zaidi. Kwenye taarab, huko chini kuna chombo cha besi na ngoma ya dumbak tayari. Gitaa halijaitwa huko.

Kabla sijafungua sanduku nasema hili, na sisemi kwa kutimiza desturi. Kapasita za kuchujia umeme zinahifadhi volti 300 na zaidi hata baada ya kuchomoa plagi. Zinaua. Wapo mafundi wanaozifyatua kwa bisibisi, cheche ikaruka, wakacheka. Mimi natumia rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5 iliyofungwa kwenye waya wenye vibano, kibano kimoja kwenye chesisi (fremu ya chuma inayobeba vifaa), kingine kwenye mguu chanya wa kapasita, nahesabu mpaka kumi, kisha napima kwa mita mpaka ionyeshe karibu na sifuri. Ikibidi kupima huku imewashwa, mkono mmoja unakaa mfukoni. Na hakikisha chesisi imefungwa ethi ya kweli, yaani waya unaoupeleka umeme ardhini. Zipo nyumba kongwe za huku mjini ambazo tundu la ethi lipo ukutani, waya nyuma yake hakuna. Mpigaji anayeshika nyuzi za gitaa kwa mkono mmoja na maikrofoni kwa mwingine ndiye atakayeugundua ukosefu huo.

Angalia pia amplifaya imetoka wapi. Mtumba wa Japani unataka volti 100, wa Marekani 120. Ukiuchomeka kwenye 230 za kwetu bila transfoma ya kushushia, mazungumzo ya sauti nzuri yamekwisha kabla hayajaanza.

Hata iliyotengenezwa kwa umeme kama wetu ina habari yake. Umeme wa Unguja unakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Bara, na waliokuwapo mwaka 2008, umeme ulipokatika kwa takriban mwezi mzima, kisha tena kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanajua vyombo vilivyoishi kwa jenereta viliishije. Siku hizi hali si ile, lakini volti za usiku wa manane si volti za saa moja jioni, watu wanapopika na feni zinazunguka. Chukua transfoma iliyozungushwa kwa 220 halafu ipe 240. Waya wa kupasha moto uliotakiwa kupata volti 6.3 utapata karibu 6.9, na huo ndio ukingo wenyewe, maana unaruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 10. Zile volti 300 za anodi zitakuwa 327. Valvu itapiga, tena itapiga kwa raha, ila umri wake unakatwa.

Kwa hiyo cha kwanza kupima si sauti, ni joto la EL84. Rezista ya kathodi yake ilikuwa omu 270, na mita ikaonyesha volti 14 juu yake. Gawa 14 kwa 270, unapata miliamperi 52. Toa kama 5 zinazopitia gridi ya pili (EL84 inayo zaidi ya moja), zinabaki 47 kwenye anodi. Kati ya anodi na kathodi palikuwa na volti 296. Zidisha: karibu wati 14. EL84 imeruhusiwa wati 12. Ndiyo maana kijana alikuwa anabadilisha valvu kila baada ya miezi michache, akidhani anauziwa feki. Nikaweka omu 390 badala ya 270, ikashuka chini ya 12, na sauti haikupungua kwa kiasi ambacho sikio linaweza kushuhudia. Kwenye karatasi yake hili halikuwamo, na kama angeniuliza nimfanyie moja tu, ningefanya hili.

Mvumo ukafuata. Amplifaya inavuma hata gitaa likichomolewa, na kila mtu ana dawa yake. Mpiga gitaa ana kipimo ambacho fundi redio hana: bonyeza uzi mnene kwenye nafasi ya tatu ya mpini, uupige. Hiyo ni noti ya hezi 98, yaani mitetemo 98 kwa sekunde. Mvumo ukikaribiana nayo, ni hezi 100, na hiyo inatoka kwenye umeme uliogeuzwa bila kuchujwa vizuri, maana yake kapasita kubwa za kuchujia zimechoka. Ukiwa chini ya hapo kwa oktava nzima, ni hezi 50, na mara nyingi unatoka kwenye waya za kupasha moto. Dawa zake ni mbali mbali, na kuzichanganya ni kupoteza pesa.

Ya kijana ilikuwa na zote mbili. Kapasita za kimiminika hufa kwa joto: kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zaidi, umri unagawanywa nusu. Na kibanda cha bati cha Mlandege saa nane mchana si friji. Nikaweka mpya za maikrofaradi 47, volti 450. Mpya, si za kuchomoa kwenye televisheni mbovu. Hiyo ni kumpa mgonjwa damu ya mgonjwa. Kwa waya za kupasha moto, nikazisokota pamoja kama uzi wa ukili, nikafunga rezista mbili za omu 100, moja kutoka kila waya hadi kwenye chesisi, ili mvumo wa upande huu ufutane na wa upande ule. Rezista mbili za bei ya kashata, na chumba kikanyamaza.

Upepo wa bahari nao una mchango. Chumvi inaingia kwenye miguu ya valvu na soketi zake, ikala, na sauti inakatika au inapasuka pasuka ukiitikisa. Watu huagiza valvu mpya kutoka ng'ambo kwa tatizo linaloondoka kwa dawa ya kusafishia miguso na mswaki wa zamani. Nilisafisha pia kitufe cha volyumu. Kisha nikahamisha rezista ya kilo-omu 68 ya mlangoni kutoka kwenye tundu la gitaa hadi kwenye mguu wenyewe wa valvu. Iliwahi kunijia amplifaya ambayo kila ikifika magharibi ilikuwa ikisoma taarifa ya habari, gridi yake imeokota redio hewani. Rezista hiyo, ikiwa karibu kabisa na gridi, inazuia mawimbi ya redio na kupitisha gitaa. Ikiwa mbali, waya uliobaki baina yao ni antena.

Mpaka hapa hakuna "sauti" niliyobadilisha, na kijana alikwishanikodolea macho. Lakini amplifaya ilikuwa tayari inasikika tofauti, kwa sababu nusu ya kilichoitwa sauti mbaya kilikuwa ugonjwa.

Kubadilisha kwenyewe nilianza na kusiko na lehemu. 12AX7 inazidisha, kwa kipimo cha kiwandani, mara 100. Ipo 5751, ya 70, na ipo 12AY7, ya 44, na zote zinaingia kwenye soketi ile ile. Amplifaya za Fender za miaka ya 1950 nyingi zilikuwa na 12AY7 mwanzoni. Unachomoa, unachomeka, unasikiliza, hujapenda unarudisha. Nilimwekea 5751 na kitufe cha volyumu kikapata maisha: sasa kinafika nusu kabla ya kuchafuka.

Kisha spika. Hapa watu wananibishia, na mimi sibadiliki. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, baada ya kuiponya amplifaya, nunua spika. Spika zina kipimo cha usikivu, desibeli ngapi zinatoka kwa wati 1 kwa umbali wa mita 1. Ndogo za bei rahisi ni kama 90, nzuri ya inchi 12 hufika 97. Tofauti ya 7 ni sawa na kuzidisha wati mara 5. Yaani amplifaya ya wati 5 inasikika kama ya 25 bila kugusa hata waya mmoja ndani, na bila kuikamua hadi ikwaruze. Tulimtafutia ya inchi 12, nikamtengenezea sanduku la plaiwudi lililo wazi nyuma. Spika ya gari ya omu 4 usiifunge mahali pa omu 8, valvu itaona nusu ya mzigo wake. Na usiiwashe kabisa pasipo spika huku unapiga, kwa sababu transfoma isiyokuwa na pa kutolea inajirudishia volti kubwa na kujichoma.

Sasa ndiyo chuma cha kulehemu kikapata moto. Kapasita ya kathodi ni mahali pa kwanza ambapo karatasi ya kijana ilisema "weka kubwa". Ikiwapo ya maikrofaradi 25, valvu inazidisha noti zote kwa mara 60 zile. Ukiiondoa, kathodi inajibana yenyewe na kuzidisha kunashuka hadi 32 hivi. Ukiweka ndogo, ya maikrofaradi 1, unapata kitu baina ya viwili: noti za juu zinazidishwa sana, za chini kidogo. Nusu ya kwanza nikaipa hiyo ya maikrofaradi 1. Ya pili nikaiacha bila kapasita kabisa, na sababu yake inakuja.

Kati ya nusu ya pili na EL84 ipo kapasita ya kupitishia, nanofaradi 22, ikiwa na rezista ya kilo-omu 220 kwenye gridi. Wawili hao wanaanza kuzuia sauti zilizo chini ya hezi 33, yaani hawazuii chochote ambacho gitaa linatoa. Nilijaribu nanofaradi 10, mpaka huo ukapanda hadi hezi 72, nikasikia tofauti kidogo. Nikaweka 4.7, mpaka huo ukawa 154, na uzi mnene ukawa unapita ukiwa umepungua kwa zaidi ya nusu kidogo. Ukiwa peke yako chumbani utasema gitaa limekonda. Ndivyo alivyosema. Nikamwambia asubiri aipige pamoja na wenzake.

Ile sababu niliyoiahidi ni hii. Fender Champ ya zamani ilikuwa na rezista ya kilo-omu 22 inayorudisha chembe ya sauti kutoka kwenye spika hadi kwenye kathodi ya nusu ya pili. Kinachotoka kinalinganishwa na kinachoingia, na chochote ambacho valvu ya mwisho na transfoma wamekichafua kinarudi na kupunguzwa. Amplifaya nyingi ndogo za siku hizi hazina, kwa makusudi, kwa kuwa zinauzwa kwa watu wa mkwaruzo. Kuiongeza ni waya mmoja na rezista moja, na kathodi hiyo lazima isiwe na kapasita. Upo mtego: ukiwa upande wa transfoma si wenyewe, badala ya kupunguza inaongeza, na amplifaya inalia yowe la kumtoa jirani kitandani. Geuza waya mbili za transfoma za upande wa valvu, yowe linaisha. Lililia mara moja, tukacheka, tukageuza.

Nilichokataa ni vile vikapasita vya rangi ya dhahabu vinavyouzwa kwa bei ya gunia la mchele. Filamu ya kawaida ya volti 630 inapitisha mawimbi yale yale. Nilikataa pia kumbadilishia transfoma ya kutolea sauti. Kubwa ingebeba besi vizuri zaidi, kweli, lakini besi tumeshaikatia mlangoni, basi kwa nini tumjengee njia mgeni tuliyemzuia?

Alikuja wiki iliyofuata bila pakacha. Akasema kwenye mazoezi mpiga ganuni alimgeukia akamwuliza kama amenunua gitaa jengine. Akaniomba karatasi yake, akidhani nimeitupa. Nilikuwa nimeigeuza, nimeandika nyuma yake volti zote nilizopima, mguu kwa mguu, pamoja na rezista na kapasita nilizobadilisha na tarehe, nikaibandika ndani ya sanduku kwa ajili ya fundi atakayelifungua baada yangu.